Muulize Sista: Chupa Iliyofichwa Juu ya Kabati

Toleo lililopita nilieleza kwa ufupi tiba shufaa ni nini: kumhudumia mtu mwenye ugonjwa mzito, maumivu yake, hofu yake na watu wake, hata pale ugonjwa wenyewe usipotibika. Nilisema pia kwamba katika miaka 34 ya uuguzi, 19 wodini na iliyobaki nikizunguka majumbani kwa wagonjwa hapa Tanga, hakuna kauli inayoniudhi kama hii: "Mpelekeni nyumbani, hakuna la kufanya tena." Barua zilizofika ni nyingi mno kwa ukurasa huu. Nimechukua tano.

*Shikamoo Sista. Baba yangu ana miaka 71, ana saratani ya tezi dume na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Hospitali walitupa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, wakasema anywe kila baada ya saa 4. Kaka yetu mkubwa aliposikia jina akasema hiyo ni dawa ya kumalizia watu, akaiweka juu ya kabati. Anampa usiku tu, tena baba akiwa ameshalia sana. Mimi ni binti wa tatu, sina sauti mbele ya kaka. Nifanyeje?*
— Binti wa tatu, Muheza

Marahaba mwanangu. Hili nalijibu kwa urefu, na nakuomba umsomee kaka yako jioni mkiwa mmetulia, bila kumshtaki. Kaka yako si mkatili. Pengine ameona mtu mmoja wawili wamepewa mofini, baada ya siku mbili wakafa, akaunganisha. Sisi wahudumu ndio tuliomfundisha kuunganisha hivyo, maana kwa miaka mingi dawa hii tulikuwa tunaitoa mtu akishafika sakarati. Angekufa siku ileile hata kwa maji matupu.

Na woga wake naujua, nilikuwa nao mimi. Mwaka 1991 nilikuwa na miaka miwili kazini, wodi ya wanawake, hospitali ambayo sitaitaja. Kitanda cha dirishani alilala mama mmoja wa makamo, saratani ya mlango wa kizazi. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anauma pindo la khanga yake na kutoa mlio mwembamba, kama wa mtoto aliyechoka kulia, kuanzia taa zikizimwa mpaka adhana ya alfajiri. Kabati la dawa lenye kufuli mbili lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Mofini ya sindano ilikuwamo, na daftari lake la kusaini watu wawili. Daktari alikuwa ameandika apewe "ikihitajika". Sisi wa zamu tukaamua haihitajiki, kwa kuogopa asije akazoea, na kwa kuogopa kuulizwa. Asubuhi, kwenye ripoti ya makabidhiano, tuliandika: "Mgonjwa msumbufu, hakulala." Mkono ulioandika ni huu wangu. Aliishi siku 11 zaidi, na nane kati ya hizo alikuwa kwenye zamu yangu.

Sasa mwambie kaka yako mambo haya. Mofini ya maji haikimbizi kifo wala haikiiti. Inaziba njia ya maumivu kufika kwenye ubongo. Inakaa mwilini takriban saa 4 kisha inapungua, ndiyo maana inanywewa kwa saa, haisubiri kilio. Kwa saa zetu ni rahisi kukumbuka: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku, ambapo daktari mara nyingi huandika kipimo cha kulalia, maradufu, ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Ukisubiri baba alie ndipo umpe, kila mara unaanza upya kupanda mlima, na itabidi apewe nyingi zaidi kuliko angekunywa kwa wakati.

Mwanamke aliyelisimamia hili la kutoa dawa kwa saa alianza kama muuguzi. Ni Cicely Saunders, Mwingereza. Baadaye alisomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua London nyumba ya wagonjwa mahututi iitwayo St Christopher's. Huku kwetu, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, akitumia mofini ya unga inayoyeyushwa kwa maji, ya bei ambayo nchi maskini inaimudu. Mwaka 2004 Uganda ikabadili sheria ili wauguzi waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika wenyewe, kwa kuwa vijijini daktari hayupo, muuguzi yupo. Nilipoisikia habari ile nilimkumbuka mama wa kitanda cha dirishani.

Mjue pia yatakayotokea, msije mkaogopa tena. Siku mbili tatu za mwanzo baba atasinzia sana. Sehemu ya usingizi huo ni deni la usiku wote ambao hakulala. Anaweza kusikia kichefuchefu, nacho kwa kawaida hupita. Kisichopita ni kufunga choo. Kila anayetumia mofini ahitaji dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na kama hamkupewa, rudini mkaidai. Msizidishe kipimo kwa kukisia, na msiikate ghafla. Akisinzia kiasi kwamba hata ukimtikisa haamki, au akipumua taratibu mno, pigeni simu hospitali kabla ya kumpa tena. Mpimie kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Na kweli chupa ikae mbali na watoto, hapo kaka yako hajakosea, ila isiwe mbali na baba.

Kwa kuwa ni mifupa, ulizeni habari ya mionzi. Kwenye hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando kule Mwanza, wakati mwingine hupiga mara moja tu mahali panapouma, na maumivu ya mfupa yakapungua kwa wiki nyingi. Na hili lisiwapite: baba akianza kulegea miguu, akafa ganzi kiunoni au mkojo ukagoma kutoka, msisubiri kesho. Hapo uti wa mgongo unabanwa, na kila saa ina thamani. Mpelekeni usiku huohuo.

Mwisho, huhitaji sauti mbele ya kaka. Mwite muuguzi aliyewakabidhi dawa, aje nyumbani au azungumze naye kwa simu. Hiyo ni kazi yake, haombwi kwa hisani. Mimi nimeketi kwenye mikeka mingi nikizungumza na makaka. Wengi wao walinyoosha mkono wenyewe wakaishusha chupa.

*Sista, bibi ana saratani ya ziwa, kidonda kimepasuka na kinanuka. Wajukuu hawaingii tena chumbani. Yeye mwenyewe ameanza kukataa wageni.*
— Mjukuu, Korogwe

Harufu inaondoka, mwanangu. Chemsha maji, tia chumvi kidogo, yaache yapoe, osha kidonda kwa kumimina, usisugue. Kitambaa kikigandia, kiloweshe kwanza mpaka kiachie chenyewe, usikivute. Muulize muuguzi au daktari kuhusu vidonge vya metronidazo, ambavyo tunavisaga na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda kabla ya kufunga. Harufu ile ni ya vijidudu, na dawa hii inavipiga. Weka karai la mkaa mkavu, usiowashwa, chini ya kitanda, na fungua madirisha. Mpe mofini au dawa yake ya maumivu nusu saa kabla ya kumwosha. Nyumba moja kule Maramba tulifanya haya siku ya Jumatatu. Ijumaa nikakuta mjukuu wa miaka sita amekaa kitandani anamchambulia bibi yake machungwa.

*Shikamoo mama. Mama yetu hali chakula wiki ya pili sasa, ana saratani ya koo la chakula. Tunamshika kidevu tunampa uji kwa kijiko, nusu unatoka puani. Majirani wanasema tunamwua kwa njaa. Tumpeleke akawekewe dripu?*
— Mwana wa Likoni, Mombasa

Marahaba. Acheni kumshika kidevu, leo hii. Uji unaotokea puani mwingine unaingia kwenye mapafu, na hapo mtampa nimonia juu ya saratani. Pia koo lililozibwa na uvimbe linaweza kuwa na njia nyingine: wapo wanaowekewa kibomba chembamba cha chuma ndani ya koo ili kimiminika kipite. Ulizeni kama kwake bado inafaa. Hilo ni swali la daktari na majibu yanategemea alipofikia.

Kama ameshafika karibu na mwisho, mwili wenyewe ndio umefunga jiko. Hasikii njaa kama unavyoisikia wewe. Dripu katika siku hizo mara nyingi huishia kujaza miguu na kifua, akaanza kukoroma kwa maji ambayo mwili hauna pa kuyapeleka.

Kinachomtesa kweli ni ukavu wa mdomo, na hapo mikono yenu ina kazi kubwa. Chukua kitambaa safi laini, kizungushe kwenye kidole chako kidogo, chovya kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Anza shavuni ndani, upande mmoja, kisha ufizi, kisha juu ya ulimi, taratibu, usifike nyuma akatapika. Utaona utando mweupe unakuja na kitambaa. Suuza kitambaa, rudia mpaka kitoke safi. Midomo ipake mafuta ya nazi. Halafu mtonee dafu, matone mawili matatu, kama anameza. Fanyeni hivyo kila baada ya saa 2, na kila mara mgeuzeni ubavu ili asiote vidonda vya kulalia. Majirani wakija, wape kitambaa nao wafanye. Hawatasema tena kwamba hamfanyi kitu.

*Assalaam alaykum mama. Mimi ni mtu wa Unguja, nafanya kazi Muscat. Mama yangu ana saratani ya ini. Kaka zangu wamekubaliana asiambiwe. Kila nikipiga simu ananiuliza, "Wamekwambia nini, mwanangu?" Namwambia vidonda vya tumbo. Likizo yangu ni miezi miwili ijayo. Na je, akifika pa kutojitambua, atanisikia kwenye simu?*
— Bintiye, Muscat

Waalaykum salaam, mwanangu. Mama anajua. Angekuwa hajui, asingekuuliza kila simu. Anachotafuta ni mtu mmoja wa kuzungumza naye, na ameona kaka zako wamefunga mlango, akaja kugonga wako.

Sisemi umpigie leo umtajie ugonjwa kama anayesoma hukumu. Wodini maswali haya hayaulizwi daktari akipita na kundi lake asubuhi. Muuguzi ndiye anayeulizwa, usiku, anapomnyooshea mgonjwa shuka: "Sista, mimi nitapona?" Nami nilijifunza kumrudishia: "Wewe mwenyewe unaonaje?" Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mzee mmoja wa Pangani nilipomuuliza hivyo alikaa kimya mpaka nikadhani amelala, halafu akasema, "Naona siendi tena baharini. Na nina deni la mashua hakuna anayelijua." Wanawe walikuwa wanamwambia kila siku, "Utapona, baba," wakimkatiza kila alipofungua mdomo. Jioni ile tulimwita mwanawe mkubwa, akaandika jina la anayedai na kiasi. Deni likalipwa. Mzee alifariki siku nne baadaye.

Wewe mwulize mama: "Mama, wewe unahisi ni nini? Ungependa ujue kila kitu, au kaka wayajue kwa niaba yako?" Akisema hataki kujua, hiyo ni haki yake na ninyi mmepumzika. Akisema anataka, waombe kaka zako wamwite daktari akiwa pamoja na muuguzi aliyemzoea, aelezwe akiwa ameshikwa mkono. Ana wasia wake, ana watu wa kuombana nao radhi. Msimnyang'anye muda huo kwa nia njema.

Na kuhusu likizo, usingoje miezi miwili. Waombe leo wauguzi wanaomwona wakwambie wazi wanavyomwona. Sisi tukimshika mtu kila siku tunauona mwendo wake. Swali zuri la kuuliza ni hili: "Mtashangaa akifariki ndani ya mwezi huu?"

Atasikia? Tunamhudumia kila asiyejitambua kama mtu anayesikia, na hatusemi mbele yake neno ambalo tusingelisema macho yake yakiwa wazi. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2020 uliona kwamba ubongo wa baadhi ya wagonjwa walio kwenye saa za mwisho, wasioitika tena, ulikuwa bado unaitikia sauti. Basi mwambie aliye naye aweke simu kwenye mto karibu na sikio, sauti ya wastani, mtu mmoja aseme kwa wakati mmoja. Kwako ikiwa saa 3 usiku, Unguja ni saa 2, wageni wameshaondoka, muda mzuri. Mtajie majina ya watoto. Msomee Yasin. Ukisikia mkoromo kwenye simu usishtuke: ni mate aliyoshindwa kumeza, akilazwa ubavu hupungua, na yeye mwenyewe kwa kawaida haumii nayo. Pumzi itakuwa inakwenda, inasimama, inakwenda tena. Wakati wa kumlakinia shahada, yaani kumtamkia ili aifuate, ukifika, aseme mmoja, taratibu, bila kumkazania arudie.

*Shikamoo Sista. Mimi ni muuguzi, mwaka wangu wa pili. Wodi ina vitanda 36, usiku tuko wawili. Mwezi uliopita walifariki watatu kwenye zamu zangu, mmoja nilimkuta ameshapoa. Niliwalilia mbele ya ndugu na mkubwa wangu akanigombeza, akasema muuguzi halii. Nafikiria kuacha.*
— Muuguzi wa Singida

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara nne.

Kulia si kosa la kazi. Kipimo changu ni kimoja: kama ndugu wanalazimika kukushika wewe, toka nje kidogo, nawa uso, rudi. Kama machozi yanakutoka huku mikono yako inaendelea kumfunika mgonjwa wao, waache wakuone. Hawatasahau.

Kwa vitanda 36 na watu wawili, kukaa na anayekufa usiku kucha huwezi, wala asikudanganye mtu. Ila kuna mambo unaweza. Mkipokea zamu, mwulize mwenzako anayetoka: "Nani anaweza kuondoka leo?" Mgonjwa huyo mhamishieni karibu na meza yenu, mwanga wa taa umfikie. Anzeni naye kwenye mzunguko wa dawa, mumalizie naye. Ukienda kwake kaa, hata kama ni dakika mbili, hata pembeni ya kitanda. Aliyelala anamwona aliyesimama kama mtu anayeondoka. Mtaje kwa jina kabla ya kumgusa, mwambie unalotaka kufanya: "Mama, nakugeuza upande wa ukutani." Na zungumza na matroni mchana, kabla ya usiku huo, akuruhusu ndugu mmoja abaki baada ya saa za kuona wagonjwa. Omba ruhusa hiyo iandikwe kwenye faili, ili mlinzi wa getini asimtoe. Ndugu huyo mwonyeshe pumzi za mwisho zinavyokuwa, miguu inavyopoa, rangi ya magoti inavyobadilika. Mwambie akuite, hata kama una kazi. Yule uliyemkuta ameshapoa, huenda angekuwa na mtu.

Maumivu yaandike kwa namba, 0 hadi 10, kila unapopima presha. Namba ikiwa kubwa mpigie daktari wa zamu, mtajie namba hiyo, na uandike saa uliyompigia. Ni vigumu zaidi kwa daktari kuipuuza namba kuliko neno "analalamika."

Akishafariki, vuta pazia. Toeni dripu na mpira wa mkojo. Fumba macho kwa pamba yenye maji, shikilia kope mpaka zitulie. Mfunge kidevu kwa bandeji kabla mwili haujakaza, nyoosha mikono na miguu, mfute uso. Haya nayo uyafanye ukimtaja jina. Waulize ndugu dini yake na nani anapaswa kumwosha, kisha waache waingie kabla kitoroli cha mochwari hakijafika. Dakika 15 zinatosha kwa wengi. Kwa mama aliyempoteza mtoto hazitoshi, mwongezee.

Halafu wewe na mwenzako simameni pamoja kwenye sinki, mnawe mikono, na kila mmoja aseme kitu kimoja anachokumbuka kwa marehemu. Mimi na mwenzangu wa zamu tulianza hivyo mwaka 1996 na hatukuacha mpaka yeye alipostaafu. Nakumbuka mama aliyependa kusukwa, tukamsuka siku yake ya mwisho, mistari mitatu tu, nywele hazikutosha.

Usiache kazi mwezi huu. Maliza zamu zako za usiku zijazo, kisha niandikie tena uniambie umehamishia kitanda nambari ngapi karibu na meza.